Jinsi ya kuendesha skuta ya magurudumu matatu inayolala kwenye kona: mwongozo kamili kwa barabara za Uganda

Wengi wanaoniandikia baada ya kununua skuta ya magurudumu matatu wanasema wameanguka wakiwa wamesimama. Mmoja ameangukia kwenye taa za barabarani, mwingine mbele ya geti lake, mwingine alikuwa anaisukuma kuiingiza uani. Muuzaji aliwaambia haianguki, na walipoyaona magurudumu mawili mbele wakaamini.

Skuta hii ni pikipiki. Gurudumu la tatu limewekwa ili kushika barabara vizuri zaidi, halikuwekwa ili kukusimamisha. Hatua zote zilizo hapa chini zinatokana na jambo hilo, na aliyelielewa huacha kuangusha mashine yake mapema sana.

Ninazungumzia skuta zenye magurudumu mawili mbele na moja nyuma, ambazo mwili wote hulala pamoja na magurudumu unapoingia kwenye kona, kama Piaggio MP3 na Yamaha Tricity. Tuktuk na zile za kubebea mizigo hazimo humu kwa kuwa hazilali kabisa. Honda Gyro nayo ni kitu kingine: sehemu ya mbele hulala lakini magurudumu mawili ya nyuma hubaki wima.

## Vitu vya kuandaa

- Helmeti inayokukaa vizuri, yenye kamba inayofunga chini ya kidevu. Abiria naye awe na yake.
- Glavu, na viatu vinavyofunika kifundo cha mguu, vyenye soli isiyoteleza. Kandambili na lugabire (ndala za matairi) viache nyumbani. Kwenye skuta hii mguu hufanya kazi kila unaposimama.
- Kipimo chako mwenyewe cha upepo wa tairi. Vya vituo vya mafuta hupigwa chini kila siku na havisomi sawa.
- Kitabu cha maelekezo cha modeli na mwaka wa skuta yako. Nyingi zinazoingia zikiwa zimetumika huja bila kitabu, lakini hupatikana kwenye intaneti.
- Chaki na chupa sita za plastiki zilizojazwa maji.
- Mtu mzima mwenye nguvu wa kukusaidia siku ya kwanza.
- Uwanja wa lami au saruji, tambarare, usio na magari. Eneo la kuegesha magari kanisani siku ya Jumatatu hufaa sana. Uwanja wa mpira haufai, kwa sababu nyasi huteleza na hazikufundishi breki.
- Kibali cha kuendesha pikipiki, daraja A. Ukiambiwa kibali cha gari kinatosha, ujue hilo limetoka katika nchi kadhaa za Ulaya, ambako skuta yenye nafasi ya milimita 460 au zaidi kati ya magurudumu ya mbele huhesabiwa tofauti. Mbinu utakazotumia hapa ni za pikipiki, kwa hiyo uwe umejifunza pikipiki.

## Hatua ya 1: Ijue mashine uliyo nayo

Iweke kwenye stendi ya kati, kisha chuchumaa mbele yake utazame katikati ya magurudumu mawili.

Kwenye MP3 utaona mihimili minne ya aluminiamu, miwili juu na miwili chini. Upande wa ndani imeunganishwa na fremu kwa viungio vinavyozunguka, na upande wa nje imeshika mirija miwili ya usukani, kila mmoja na gurudumu lake. Skuta inapolala kushoto, mihimili ya juu na ya chini hubaki sambamba, na magurudumu yote mawili hulala kwa pembe ileile ya mwili. Tricity hufuata kanuni hiyohiyo, ila shokapu zake za mbele zimepangwa kwa namna nyingine.

Sasa tafuta springi ya kuirudisha wima. Haipo. Mfumo huu unayaruhusu magurudumu kulala, na hauna kitu cha kuyainua. Mashine ikiwa katika mwendo, mwendo wenyewe na usukani ndivyo vinavyoisimamisha. Ikisimama, kazi hiyo ni ya miguu yako au ya kufuli.

Kufuli ndilo jambo la pili la kujua. MP3 ina swichi kwenye usukani inayofunga mfumo wa kulala kwa umeme na mafuta ya haidroli, na taa yake iko kwenye dashibodi. Tricity za 125 na 155 hazina kufuli kabisa. Tricity 300 ina msaada wa kusimama unaofanana na kufuli. Angalia pia kama yako ina pedali ya breki mguuni: MP3 za toleo la LT (lenye magurudumu ya mbele yaliyotengana zaidi) zinayo, na mtu aliyezoea breki za mkononi tu huikanyaga bila kukusudia.

Hatua hii imekamilika ukiweza kujibu bila kutazama: ina kufuli au haina? Breki zote ziko wapi? Breki ya kuegesha iko wapi?

## Hatua ya 2: Ikague

Pima upepo wa matairi yakiwa yamepoa, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu. Matairi mawili ya mbele lazima yawe sawasawa. Likipungua moja, skuta itavuta upande huo, nawe utadhani kosa ni lako.

Ikiwa bado kwenye stendi ya kati, shika tairi la mbele juu na chini, ulitikise. Fanya hivyo kwa yote mawili. Ukisikia mlio wa "tak" au ukihisi mchezo, kuna beringi au kiungio kilichokwisha. Ishushe, wewe na msaidizi wako mkae kila mmoja upande wake, muilaze pole pole kushoto na kulia. Iende laini mwanzo hadi mwisho. Ikikwama mahali, tope limekaukia kwenye viungio au kuna kilichopinda, na hapo usiendelee mpaka fundi aione.

Yenye kufuli, isimamishe wima, ifunge, kisha uisukume kidogo kwa kiganja. Isilale. Betri dhaifu huweza kulifanya kufuli ligome, kwa hiyo skuta inayowaka kwa shida asubuhi isiaminiwe kusimama yenyewe mchana.

## Hatua ya 3: Isukume injini ikiwa imezimwa

Tricity 125 ilipotoka mwaka 2014 ilikuwa na kilo 152. MP3 huzidi kilo 200. Ukiwa umezoea pikipiki nyepesi za boda boda, tofauti utaihisi mara tu itakapoanza kulala.

Simama kushoto kwake, mikono yote miwili kwenye usukani, nyonga yako ikigusa siti. Tembea ukitazama mbele. Msaidizi akae upande wa kulia mpaka utakapomwambia aondoke.

Onyo: ikianza kulala upande wa pili na kupita kiasi, iachie. Plastiki hununuliwa, mgongo haununuliwi.

Onyo la pili ni kwa wenye kufuli. Inawezekana kuisukuma ikiwa imefungwa, lakini kwenye tambarare tu. Ikifungwa, haifuati tena umbo la ardhi. Gurudumu moja likipanda ukingo wa saruji, mwili wote unainama, na kwa kuwa MP3 za kwanza zina milimita 420 tu kati ya magurudumu ya mbele, haihitaji mwinuko mkubwa kupinduka. Wengi walioangukia getini wameanguka hivi hivi.

Umefaulu ukiweza kuizungusha kwa umbo la nane (8) kati ya chupa nne bila msaidizi kuigusa.

## Hatua ya 4: Kuondoka

Skuta hizi hazina klachi wala gia za kubadilisha. Shika breki ya nyuma, washa, usukani ukiwa umenyooka. Achia breki huku ukiongeza mafuta kidogo kidogo. Miguu ipande tu baada ya mashine kuanza kwenda.

Yenye kufuli itajifungua yenyewe unapoongeza mafuta. Sekunde hiyo inakuwa huru kabisa. Kama ulikuwa umeifunga ikiwa imeinama kulia, itaangukia kulia. Kwa hiyo kabla ya kuondoka jiulize kwanza kama uko wima, na kama hauko, ifungue kwa swichi, uisimamishe kwa miguu, ndipo uondoke.

## Hatua ya 5: Kusimama

Hapa ndipo watu wanapoangukia, kwa hiyo tumia siku nzima kwenye hatua hii peke yake.

Bila kufuli. Achia mafuta mapema. Nyoosha usukani kabla hujaanza kufunga breki, na uutazame mwisho wa uwanja, usitazame gurudumu. Funga breki za mbele na nyuma pamoja. Mita chache za mwisho legeza ya mbele, umalize kwa ya nyuma. Breki ya mbele ikikazwa usukani ukiwa umepinda, mwendo ukiwa mdogo, skuta hulalia upande ulikopinda kwa ghafla, na kilo zote hizo hukujia mguu mmoja.

Mguu ushuke mashine ikikaribia kusimama kabisa. Ukiuburuza mapema, kisigino hunaswa nyuma.

Ni mguu upi? Uganda tunaendesha kushoto na barabara imeinama kuelekea pembeni ili maji yatiririke, kwa hiyo ardhi ya kushoto iko chini kuliko ya kulia. Tena barabara zetu nyingi zimeliwa ukingoni: lami inakatika ghafla, na chini yake kuna udongo ulioshuka urefu wa kiganja au zaidi. Mtu anasimama ukingoni ili teksi zipite, anashusha mguu wa kushoto, mguu haukuti kitu, na skuta inaufuata. Ukilazimika kusimama pembeni, acha karibu mita moja ya lami kushoto kwako, au shusha mguu wa kulia.

Yenye kufuli. Mpangilio ni uleule mpaka karibu na kusimama. Mafuta yawe yamefungwa kabisa, usukani umenyooka, mwili wima. Bonyeza swichi mashine ikiwa inakaribia kusimama, usubiri taa iache kupepesa. Miguu ikae karibu na ardhi mpaka uone kwamba limeshika.

Makosa ni matatu. La kwanza, kubonyeza mwendo ukiwa bado mkubwa: kufuli halishiki, nawe tayari umetulia. La pili, kubonyeza ukiwa umeinama: linashika hapohapo ulipo, unabaki umeinama kama mti uliopigwa na upepo. La tatu, kugusa mafuta bila kutaka ukiwa unarekebisha glavu au unatoa simu: linafunguka.

Kwenye foleni ya Jinja Road jijini Kampala, ambako unasogea mita mbili na kusimama, usitumie kufuli. Litafunga na kufungua mpaka ukosee mara moja. Tumia miguu kama waendesha boda wote walio karibu nawe, na kufuli litumie pale unapojua utakaa, kama mbele ya askari wa trafiki aliyekwisha nyoosha mkono.

Kwenye vilima vya Kampala kumbuka kwamba kufuli huzuia kulala tu. Halizuii kurudi nyuma. Breki ibaki mkononi, na unapoegesha weka breki ya kuegesha kabla ya kushuka.

Zoezi: chora mstari kwa chaki, usimame magurudumu ya mbele yakiwa juu yake. Umefaulu pale ambapo magurudumu yote mawili yanagusa mstari kwa pamoja, mguu unashuka taratibu, na msaidizi aliyesimama mbele haoni usukani ukitikisika. Rudia mpaka itokee mfululizo bila kufikiri.

## Hatua ya 6: Kona

Anayetoka kwenye tuktuk hupindisha usukani kuelekea kona. Kwenye skuta hii, mwendo ukishazidi wa mtu anayekimbia, ukitaka kwenda kushoto unausukuma mbele mkono wa kushoto, kidogo sana. Skuta inalala kushoto, na inakwenda kushoto. Sababu ni kwamba magurudumu yakielekea kulia kidogo, mwili hubaki nyuma na kuangukia kushoto, na kulala huko ndiko kunakokata kona.

Fanya zoezi hili kwa kilomita 25 hadi 30 kwa saa, ukizunguka kati ya chupa zilizopangwa mbalimbali. Lala pamoja na mashine, macho yatazame mahali pa kutokea. Usukani utauona mzito kuliko wa pikipiki ya kawaida kwa sababu unageuza magurudumu mawili.

Onyo ambalo naomba ulichukue kwa uzito: sehemu ya mbele hushika vizuri mno kiasi kwamba haikupi habari za barabara mapema. Gurudumu la nyuma bado ni moja. Likiwa kwenye mchanga au mafuta ya dizeli yaliyomwagika, litateleza mbele ikiwa bado imetulia. MP3 hulala hadi nyuzi 40 na Tricity 125 hadi 38, kisha vyuma hugonga mwisho wake. Barabarani hakuna sababu ya kufika karibu na hapo.

Kugeuka kabisa kurudi ulikotoka: mwendo mdogo, mafuta yasibadilike, breki ya nyuma iguswe kidogo, tazama juu ya bega.

## Hatua ya 7: Breki

Hapa ndipo gurudumu la ziada linapolipa pesa yako. Kwenye lami yenye mvua au vumbi, gurudumu moja la mbele likikanyaga mchanga, la pili huenda bado limeshika lami, na usukani hautoki mkononi. Kwenye pikipiki ya kawaida hali hiyo humwangusha mtu kabla hajatambua.

Jifunze kwa kilomita 30 kwa saa, umenyooka. Kaza polepole kisha zaidi, kama unaminya sifongo iliyojaa maji, usinyakue. Ongeza nguvu kila mara mpaka uhisi nyuma inakuwa nyepesi au breki za ABS (zinazozuia magurudumu kujifunga), kama zipo, zinapiga mkononi. Umefaulu ukisimama kwa umbali mfupi bila kutoka kwenye mstari wako. Ukiwa katikati ya kona, usifunge breki kwa nguvu. Maliza kupunguza mwendo kabla ya kulala.

## Hatua ya 8: Mashimo, matuta na udongo mwekundu

Pikipiki huacha njia moja barabarani. Skuta hii huacha tatu: mbili za mbele na ya nyuma katikati yake. Mwenye gari dogo hulipitisha shimo katikati ya magurudumu, na wengi hufanya hivyo hata hapa. Magurudumu ya mbele yanapita salama pande zote mbili, kisha la nyuma linatumbukia moja kwa moja. Rimu hupinda, na abiria hurushwa.

Kwa hiyo shimo lipitie pembeni kabisa. Likiwa halikwepeki, heri gurudumu moja la mbele liingie kuliko la nyuma. Mihimili italiacha lishuke peke yake huku mwili ukibaki wima, na hiyo ni kazi ambayo imeundwa kuifanya. Legeza mikono, usikaze mafuta wala breki ndani ya shimo.

Matuta yapande ukiwa umenyooka ili magurudumu ya mbele yagonge pamoja. Ukipanda kwa pembe, usukani huvutwa upande mmoja. Njia ya reli, kama ile ya Namuwongo, Kampala, ivuke kwa kuikata moja kwa moja, hasa ikiwa imelowa.

Kwenye barabara za udongo mwekundu kiangazi, magari huchimba mifereji miwili na kuacha tuta la changarawe katikati. Usiweke gurudumu moja mferejini na jingine juu ya tuta. Chagua mfereji mmoja ulio mpana, yote matatu yakae humo, na mwendo uwe mdogo. Mvua za Machi hadi Mei na za Septemba hadi Novemba zikianza, udongo huo huo hunata. Hujaza nafasi kati ya tairi na madigadi, na ukiwa na madigadi mawili mbele unaziba pande mbili. Usukani ukianza kuwa mzito, simama mahali pagumu, uchokonoe tope kwa kijiti.

Jioni osha viungio vya mihimili kwa maji yasiyo na presha kubwa. Mashine za kuoshea magari husukuma mchanga na maji ndani ya beringi, na baada ya muda utausikia ule mlio wa "tak".

## Hatua ya 9: Abiria

Usimbebe mtu mpaka hatua ya 5 na ya 8 uzifanye bila kuwaza. Abiria ni mmoja tu.

Kina mama wengi hapa hupanda boda wakiwa wamekaa upande, hasa wakiwa wamevaa gomesi (gauni refu la Kiganda). Uzito mwingi wa abiria wa namna hiyo unakuwa kushoto, na magurudumu matatu hayaupunguzi hata kidogo, kwa sababu mfumo uko huru kulala. Unaposimama, mashine huvutwa kushoto, kulekule ambako barabara imeinama. Mwombe kwa heshima akae kwa kupanua miguu, magoti yakigusa nyonga zako. Akishindwa kwa ajili ya mavazi, mpeleke stegini achukue usafiri mwingine; usikubali kwa kuona haya, hata akiwa ni mama mkwe.

Kabla hajapanda: simama tambarare, kufuli lishike au miguu yako yote miwili iwe chini, breki ya mbele imeshikwa. Apandie kushoto baada ya wewe kusema "panda, mama", asikidandie kikanyagio kwa uzito wote mara moja. Mwambie alale pamoja nawe kwenye kona na asijivute upande wa pili kwa woga. Kushuka ni vilevile: asitie mguu chini mpaka useme.

Ongeza upepo wa matairi kama kitabu kinavyoelekeza kwa watu wawili, na anza breki mapema zaidi. Safari ya kwanza iwe fupi, kwenye barabara uliyokwisha kuipita peke yako, mchana, bila mvua. Mkungu wa matoke na jeri ya maji visubiri. Ukivibeba baadaye vifungwe katikati, visining'inie upande mmoja.